Mguu wa Hiari

Nilipostaafu ualimu mkuu, sikurudi Pwani nilikozaliwa. Nilihamia Madibira, ukingoni mwa bonde la Usangu, kwa sababu ambayo majirani hawakuielewa: nilitaka kutembea vilimani. Wengi waliohamia huku walifuata mpunga, kwani mto Ndembera unanywesha mashamba ya umwagiliaji. Wengine walifuata malisho. Mimi nilifuata upepo na mandhari. Asubuhi nikipita na fimbo yangu na chupa ya maji, mama mmoja jirani huniita, "Shikamoo Mwalimu! Leo tena? Kwani umepotelewa na ng'ombe?"

Kwa miaka mingi swali hilo lilinichekesha. Siku hizi silicheki sana, na nitakueleza kwa nini, ndugu msomaji.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wanaishi vijijini, na kwamba sasa hilo si hiari tena. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana mkoani Iringa, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika majina ya kaya katika daftari, ili lori lijue limchukue nani. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na makaburi nayo yatapanda lori?"

Nilimjibu habari za shule, zahanati na bomba la maji. Sikumdanganya, shule ilijengwa, na watoto wengi walijifunza kusoma. Hata hivyo, sikujibu alichoniuliza. Niliandika jina lake nikaenda nyumba ya pili.

Swali lake lilinirudia nikiwa mzee kama yeye. Siku moja nilipanda kilima nikiwa na kijana wa hapa kijijini. Tulipofika mahali palipoinuka, nikasema, kwa furaha ya mgeni, "Tazama pori hili, halijaguswa na mtu!" Kijana hakujibu. Alinionyesha miembe minne iliyopangwa mstari, na jiwe la kusagia lililozama nusu ardhini. Akavua kofia. "Hapa palikuwa kwa bibi yangu," akasema.

Kumbe nilikuwa nimesimama kwenye mahame. Ukimya nilioufuata kutoka mbali ulikuwa umeachwa na watu.

Hata bonde lililo mbele yetu lina habari kama hiyo. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi, huko hifadhini. Mwaka 1998 Usangu ilifanywa pori la akiba. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa pamoja na mifugo yao, ili ardhioevu ya Ihefu ipumue, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sisemi kwamba hapakuwa na sababu. Mto ukikauka, walio chini nao wana haki ya kulia. Ninachosema ni kwamba yupo aliyelipa, na si mimi ninayekuja kutazama ndege.

Mwingine ataniambia, "Mwalimu, unajitesa bure. Mtembeaji haharibu kitu, hachukui kitu, anatazama tu." Kweli, hachukui. Lakini anayekula chakula asichokipika hapaswi kudhani kilijipika. Tofauti kati yangu na mzee yule si umri wala elimu. Mimi nilihama kwa hiari, na nikichoka naweza kurudi. Yeye alihamishwa, na mwenye daftari nilikuwa mimi.

Je, basi niache kutembea? Nimelifikiri jambo hili sana, na jibu langu ni hapana. Nikikaa barazani, hakuna atakayerudishiwa shamba lake. Tena kupenda mlima si kosa. Kosa ni kuupenda kana kwamba ulianza kuwapo siku uliyoufikia wewe. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro, akakipa jina la mfalme wa Ujerumani, wakati Wachaga walikuwa wakiishi na kulima chini yake siku zote. Jina hilo liliondoka, tukabaki na Uhuru. Ugonjwa wenyewe haukuondoka; nami nilikuwa nao pale kwenye miembe.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti. Kabla ya kupanda kilima huuliza jina lake kwa wenyeji, na kama kuna mahali pasipoingiwa, siingii. Anayenisindikiza namlipa ujira wa siku nzima kama kibarua wa shambani, maana ananipa maarifa. Na neno "pori tupu" nimelifuta kinywani. Najua masharti haya ni madogo mno kulipa deni la 1974. Lakini deni lisilolipika bado linaweza kukumbukwa, na mwenye kulikumbuka hutembea kwa adabu zaidi.

Jirani yangu bado huniuliza kama nimepotelewa na ng'ombe. Siku hizi namjibu, "Marahaba mama. Hapana, nakwenda kusalimia watu." Hucheka sana, kwa sababu kule juu, asema, hakai mtu.