Tangu Lini?

Mdogo wangu alirudisha gari Jumapili jioni, akaweka funguo mezani na wala hakukaa. "Dada, gari lako lilitaka kutuua," alisema. Mama, waliyekuwa wanatoka naye Morogoro, alikuwa bado uani anashusha mizigo, kimya.

Kabla ya kufika Bwawani alikuwa analipita lori. Aliona nafasi inatosha, akakanyaga mafuta, gari likanyamaza. Halikuzima. Injini ilikuwa inanguruma vilevile ila halikuchanganya, kama mtu aliyeulizwa jambo akaanza kwanza kutazama dari. Sekunde moja, labda na nusu, ndipo likaruka. Mbele basi lilikuwa linakuja. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kwa sekunde, na basi nalo likiwa na mwendo huohuo, mita 44 za nafasi yake zilikwisha kila sekunde gari lilipokuwa likijishauri. Alirudi upande wake kwa namna ambayo mpaka leo hawezi kuieleza.

"Mbona hukuniambia?"

Nikamjibu, kwa moyo mweupe kabisa: "Kukuambia nini?"

Jibu hilo ndilo linalonisumbua, maana sikuwa nadanganya. Nilipompa funguo nilimweleza kwamba redio inataka kupigwa kidogo pembeni na kwamba dirisha la kushoto hupanda kwa shida. Nilipekua kichwa changu nikampa kila nilichokikuta. Hilo la mafuta halikuwemo kichwani. Lilikuwa mguuni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakanyaga mapema kidogo kuliko inavyohitajika, kwa kubembeleza, na nilikuwa nimeacha kuyapita malori milimani bila kujiuliza kwa nini.

Mafundi wengi wangeanza kuniuzia plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na mwisho wangeshauri masega yatolewe. Huyu niliyempelekea aliuliza kwanza: "Tangu lini, dada yangu?" Nikasema wiki hii. Akachomeka mashine yake.

Katika magari ya sasa hakuna waya unaotoka mguuni kwenda kwenye injini. Pedeli ina sensa mbili zinazopeleka habari ileile kwenye kompyuta, na zikipishana, kompyuta inapunguza nguvu na kuwasha taa. Mashahidi wawili, kama kwenye ndoa. Mashahidi wa gari langu walikubaliana. Mlango wa hewa nao ulifunguka kama ulivyoamriwa. Kwa hiyo amri ilifika, na ilitiiwa.

Ndipo akanionyesha tarakimu: 18. Kompyuta hupima hewa inayoingia, hukadiria petroli ya kuchanganya nayo, kisha sensa iliyoko kwenye ekzosi huiambia kama ilikadiria sawa. Ikikosea kila siku upande uleule, hujifunza kuongeza. Langu lilikuwa limejifunza kuongeza petroli kwa asilimia 18, na taa haikuwaka kwa sababu marekebisho yalikuwa bado ndani ya kiwango kinachovumilika.

Fundi akaingiza mkono, akaukunja mpira unaotoa hewa kwenye airklina. Ufa ukafunguka kama mdomo. Ukienda taratibu, ufa unajibana na kompyuta inaufidia. Ukikanyaga ghafla, injini inacheza kwenye mipira inayoishikilia, ufa unatanuka, hewa isiyopimwa inaingia, na petroli inapungukiwa hadi kompyuta ishtuke. Kingo za ule ufa zilikuwa nyeusi, zimeshikana na vumbi la zamani. Fundi akanitazama. "Huu si wa wiki hii."

Aristotle aliandika kuwa mlevi anayetenda kosa hustahili adhabu mara mbili, kwa sababu ujinga wake aliutengeneza mwenyewe. Nilijaribu kujitetea kwamba mimi si mlevi huyo. Sikupuuza kujua, nilijua mno, mpaka ujuzi ukaacha kuwa ujuzi ukawa mwendo. Na mtu atasemaje kitu ambacho hakimo akilini mwake?

Utetezi huo ningeubaki nao, ila nikakumbuka mwenzangu wa kazini niliyempa lifti siku moja. Aliuliza mbona gari limejikwaa. Nikamjibu, "Ndivyo lilivyo." Kwa hiyo jambo lilipita mdomoni mwangu, na mimi ndiye niliyelivisha jina la tabia ili lisiwe ubovu.

Sisemi kila kuzoea ni dhambi. Mlango wa jikoni kwangu haufungi mpaka uuinue, na nyumba yoyote ya watu ina mambo kama hayo. Anayetaka kuyatengeneza yote hatapata muda wa kuishi. Lakini mlango haubebi mama wa mtu kwenye barabara ya Morogoro. Nadhani kosa langu si la siku ile ya funguo. Ni la asubuhi fulani nisiyoikumbuka, mguu wangu ulipojirekebisha kwa mara ya kwanza nami nikauacha.

Mpira wa mtumba ulipatikana Gerezani, kwa bei isiyofika ya tangi moja la mafuta. Fundi aliufunga, akasafisha mlango wa hewa, kisha akafuta kumbukumbu ya kompyuta ili ijifunze upya. Mguu wangu hauna kitufe hicho. Wiki nzima niliendelea kukanyaga mapema, gari likawa linaruka mbele kama limechapwa.

Mwezi uliofuata mdogo wangu alikuja tena kuliazima. Alisimama na funguo mkononi.

"Kuna nini kingine?"

Nikafikiri. "Hakuna."

Akatoka. Alikuwa ameshafika getini nilipokumbuka kwamba breki ya mkono, ukiwa kwenye mteremko, huwa naivuta meno mawili zaidi. Nikakimbia peku, nikimwita.