Picha ya Rais na Kinyongo cha Raia

Novemba 2016, Mbunge wa Arusha Mjini, Godbless Lema, alikamatwa Dodoma akarudishwa kwao. Hakuwa amempiga mtu wala kuiba. Alikuwa amesema hadharani kwamba ameoteshwa: Rais John Magufuli angefariki kabla ya 2020. Kwa ndoto hiyo alikaa mahabusu katika gereza la Kisongo karibu miezi minne, maombi ya dhamana yakipanda na kushuka ngazi za mahakama, hadi alipoachiwa Machi 2017.

Juni ya mwaka huohuo wa 2016, mkazi mmoja wa Arusha alikuwa ametiwa hatiani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Yeye alimwita rais huyohuyo "bwege" kwenye Facebook. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka mitatu.

Bwege ni neno la nyumbani. Mtu huitwa bwege na shemeji yake, na jirani aliyemkopesha, na mashabiki waliomwona akikosa penalti. Hakuna anayeiita Wizara ya Fedha bwege. Wala hakuna anayeota kifo cha bajeti. Maneno ya namna hii humwendea mtu mwenye uso, mtu anayehesabiwa kuwa karibu. Kwa nini basi raia ambaye hajawahi kuketi meza moja na rais wake humchukia kama ndugu aliyemdhulumu urithi?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba watu humchukia rais kwa sababu ya mabaya yanayotendeka chini yake. Jibu hilo si uongo. Mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alipigwa risasi 16 Dodoma, Septemba 7, 2017, na hakuna aliyetiwa hatiani. Lakini jibu hilo halitoshi. Magufuli alipofariki Machi 2021, watu walimiminika Uwanja wa Uhuru kumuaga hadi 45 wakafa kwa kukanyagana, huku wengine, majumbani mwao, wakivuta pumzi ya nafuu. Rais ni yuleyule, matendo ni yaleyale. Wote wawili, aliyelia na aliyeshukuru, walimbeba moyoni kama mtu wao.

Aristotle, katika kitabu chake cha Balagha, alitenganisha hasira na chuki kwa namna ambayo Mswahili ataielewa mara moja. Hasira ina sababu, nayo hupoa kwa muda. Mwenye hasira anataka aliyemkosea aonje uchungu alioonja yeye, aujue, ajute. Chuki haiponi kwa muda, wala haimtaki mtu ajute. Inamtaka asiwepo kabisa. Hasira, kwa hiyo, bado ni mazungumzo, hata kama ni ya kupigiana kelele. Chuki imekwisha kufunga mlango. Kinachopaswa kuchunguzwa ni safari kati ya hizo mbili: hasira ya raia hufika vipi kwenye chuki?

Safari hiyo huanzia kwenye majina. Tanzania ina Baba wa Taifa. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Mzee Ruksa. Samia Suluhu Hassan ni Mama, na kwa miaka kadhaa wimbo wa kila jukwaa ulikuwa kwamba Mama anaupiga mwingi. Kisima kikichimbwa, ni fedha za Mama. Darasa likiezekwa, diwani husimama mbele ya wazazi waliolipa kodi yao akawaambia wamshukuru Mama. Ni lugha ya heshima, na ina utamu wake, lakini ina gharama ambayo wanaoisema hawaihesabu. Raia akifundishwa kwamba darasa limeletwa na Mama, amefundishwa pia kwamba polisi aliyempiga ametumwa na Mama. Na mtu hamchukii mgeni aliyemnyima chakula kama anavyomchukia mzazi aliyemnyima.

Sheria nayo imemfanya rais kuwa mlango mmoja wa nyumba nzima. Kwa Katiba ya 1977, wakuu wa mikoa ni wake kuteua, vivyo hivyo Mkuu wa Jeshi la Polisi, Jaji Mkuu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu, isipokuwa pale sheria inapomtaka hivyo. Ibara ya 46 inamkinga asishtakiwe kwa jinai. Na ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza mshindi, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Wengi walikumbuka unyenyekevu wake, wakasahau onyo.

Watu wa mkoa wa Arusha wameliona jambo hili kwa macho. Agosti 2024 Wamasai wa Ngorongoro walijaa barabarani kudai ardhi yao na huduma zao. Kulikuwa na mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, mawaziri na mbunge. Lakini hatua kubwa ilisubiri hadi Desemba 1, 2024, rais alipokutana na malaigwanani, viongozi wa jadi wa Wamasai, Arusha na kutangaza tume mbili. Kukutana nao lilikuwa jambo jema. Ila nchi ambayo choo cha shule na zahanati ya Ngorongoro humsubiri mtu mmoja aje kusema neno, imemweka mtu huyo mahali ambapo kila ucheleweshaji utasomwa kuwa ni moyo wake mbaya.

Si lazima iwe hivyo, na ushahidi uko palepale chini ya Mlima Meru. Oktoba 1896, Akeri, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa. Walikuwa wamefika siku chache tu kabla ya hapo. Waliowaua waliona katika nyuso zao dola la Kijerumani lililokuwa likitanuka kutoka Moshi, na adhabu ya Wajerumani iliyofuata ilikuwa ya damu na moto. Miaka 55 baadaye, mwishoni mwa 1951, serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi. Nyumba zilichomwa. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kumchukia gavana, ni hawa. Walichofanya ni kuchangishana fedha, wakaandika madai yao pamoja na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Alirudi bila ardhi. Lakini hasira yao ilikuwa imepata mahali pa kusemea, na ikabaki kuwa hasira: ilijua inataka nini, na kwa nani.

Chuo cha Makumira, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, kilianza kufundisha wachungaji wa Kilutheri mwaka 1954, wakati jeraha la Engare Nanyuki likiwa bado bichi. Anayesomea theolojia hapo hukutana na mgogoro ndani ya Biblia yenyewe. Warumi sura ya 13 inafundisha kwamba mamlaka yametoka kwa Mungu. Ufunuo sura ya 13 inayachora mamlaka kama mnyama atokaye baharini. Martin Luther, mwaka 1523, aliweka mpaka: mtawala ana amri juu ya mwili na mali, si juu ya roho. Mpaka huo hutumiwa kumzuia mtawala asiingilie imani. Ungeweza kutumika pia upande wa pili: raia asimkabidhi mtawala roho yake, hata kwa njia ya kumchukia. Maana mwenye chuki huamka na anayemchukia na hulala naye.

Dini hazikatazi hasira. Zaburi ya 109 imejaa laana, nayo imo ndani ya Biblia. Mwaka 2009 Wamarekani fulani walibandika magari yao marejeo ya mstari wake wa nane, unaomtakia mtu siku chache, wakimlenga Barack Obama. Walisahau kwamba mtunga zaburi alimpelekea Mungu uchungu wake ili Mungu aamue. Hakuugeuza kuwa tangazo la barabarani. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaeleza masahaba kwamba viongozi bora ni wale wanaopendana na watu wao na kuombeana dua, na wabaya ni wale wanaochukiana na kulaaniana nao. Kisha akaelekeza kwamba anayeona maovu kwa kiongozi achukie tendo lake. Chuki katika maneno hayo ina pande mbili: anayechukiwa na watu kwa kawaida amekwisha kuwachukia wao.

Kenya imeonyesha kwamba hata kejeli ina daraja. Vijana walioandamana 2024 walimwita William Ruto Zakayo, wakamtaka ashuke. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, kweli, lakini ni mtoza ushuru aliyeshuka mtini, akatubu na kurudisha mara nne. Jina lile, kwa ukali wake wote, lilimwachia rais nafasi ya kubadilika. Juni 25 waliingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Ruto alisema hatausaini Muswada wa Fedha. Waliokufa hawarudi. Lakini uamuzi uliweza kurudishwa, na taifa zima liliona hasira ikisikika.

Tanzania, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mlango wa namna hiyo haukuwepo. Lissu alikuwa gerezani kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina wa chama cha ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa kugombea urais. Maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, Arusha ikiwamo; mabango ya rais yalichanwa na kuchomwa; intaneti ilizimwa; watu waliuawa, na idadi yao ikawa ya kubishaniwa. Tume ilimtangaza Samia kwa asilimia 97.66. Katika mabishano yaliyofuata yalisikika maneno ambayo hayakuhusu risasi wala kura: Uzanzibari wake, dini yake, uanamke wake. Hapo ndipo hasira ya haki huharibika. Mama anayemtafuta mwanawe katika chumba cha maiti ana dai zito kuliko yote, na dai lake huibiwa pale mwingine anapolitumia kumtukana mtu kwa alivyozaliwa.

Lakini kuwahubiria raia wasichukie, wakati milango ya hasira yao imefungwa, ni kumlaumu mgonjwa kwa homa. Maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walielewa hili katika ujumbe wao wa Pasaka wa 2018. Walitaja utekaji, mashambulizi na kiu ya katiba mpya bila kumtusi mtu. Ofisi moja ya serikali ikawaandikia wakanushe ndani ya siku 10, na baadaye waziri mhusika akaikana barua hiyo. Makanisa na misikiti inayomwombea rais kila wiki na imtaje pia, katika dua ileile na kwa sauti ileile, kijana aliyezikwa na yule ambaye mwili wake haukuonekana.

Na ipo kazi ya sheria. Julai 2020, katika jiji hilihili la Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba ibara ya 41(7) inakiuka haki za raia, ikaiagiza Tanzania kuirekebisha. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika ibara hiyo ikiwa palepale.