Ufa Usiozibwa

Masomo: 2 Wafalme 5:20-27; Luka 16:10-13



Kasisi wetu ametuomba tuandike neno kwa ajili ya vijana wa mtaa wetu, hasa wale walioanza kushika uongozi kanisani na serikalini. Nasi, kwa kuwa umri wetu mwingi umepita ubaoni na chaki mkononi, hatujui njia nyingine ya kufundisha ila kuanza na mfano. Mfano wa kwanza tumeutoa mbali, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, ili asiwepo mtu wa hapa atakayesema kwamba amesemwa yeye. Mfano wa pili tutautoa karibu sana.

Kule Marekani kila jimbo lina bunge lake. Bunge la Missouri hukutana katika mji wa Jefferson City, nalo lina mabaraza mawili: wajumbe 163 katika baraza la chini na maseneta 34 katika baraza la juu. Katika mji wa St. Louis, ulio mkubwa kuliko Jefferson City, alikuwako kijana aitwaye Jeff Smith. Alikuwa msomi wa elimu ya siasa na mwalimu, tena alishiriki kuanzisha shule kwa ajili ya watoto wa mjini. Mwaka 2004, akiwa na miaka 30, alijitosa kugombea uteuzi wa chama chake kwa kiti cha Bunge la nchi nzima. Kiti hicho kilikuwa kinaachwa na mtu aliyekikalia tangu mwaka 1977. Mpinzani wake mkuu alikuwa Russ Carnahan, mtoto wa gavana. Kijana hakuwa na jina wala ukoo wa kisiasa. Alikuwa na miguu yake na vijana wenzake waliojitolea, wakapita mlango kwa mlango. Watu walidhani angeambulia kura za kuhesabika kwa vidole. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameshindwa kwa kura zisizofika 2,000.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2006, watu wa St. Louis walimchagua kuwa seneta wa jimbo. Wengi walimwona kuwa ni mtu wa kesho. Lakini nyumba yake ilikuwa na ufa, naye alijua ulipo.

Katika kampeni ile ya mwaka 2004 mtu mmoja aliwajia wasaidizi wake, akataka kusambaza kadi za posta zinazomsema mpinzani kwamba alikosa kura nyingi katika bunge la jimbo. Sheria ya Marekani haimkatazi mtu kumsema mpinzani wake, ila inataka ijulikane nani ameyagharimia maneno hayo, tena mtu wa nje asishirikiane na mgombea kwa siri. Kijana wetu aliambiwa habari hii, akaiachia ipite huku akitaka asijue mengi. Kadi zilitoka bila kuonyesha mwenye kuzilipia. Mpinzani akapeleka malalamiko kwenye Tume ya Uchaguzi, na Tume ikamwuliza Smith: je, ulijua? Akatia sahihi hati ya kiapo kwamba hakujua.

Tutue hapa kidogo, maana hapa ndipo penye somo. Wakati anatia sahihi ile, uchaguzi ulikuwa umekwisha naye ameshindwa. Kosa la kadi lenyewe kwa kawaida huishia kwenye faini. Angeweza kusema, "Nilijua, nimekosa," akalipa, akaaibika mwezi mmoja, akaendelea na safari. Alichokuwa anakilinda ni jina lake la kesho, na kwa kulilinda jina la kesho akaliuza siku ile ile.

Mwaka 2007 Tume ilifunga jalada bila kumwona na hatia. Tunadhani hapo ndipo palipokuwa na hatari kuliko pote. Mwanadamu akinyamaziwa hufikiri amesamehewa, kumbe kunyamaziwa ni jambo moja na kusamehewa ni jambo jingine. Seneta akaendelea na kazi yake, na watu wakamsifu.

Mwaka 2009 wapelelezi wa FBI walilifukua jambo lile. Rafiki yake wa karibu, mjumbe wa baraza la chini, aliyekuwa na mkono katika habari ya kadi, alikubali kushirikiana nao. Akaenda kuzungumza na Smith akiwa na chombo cha kunasa sauti kilichofichwa mwilini. Smith, bila kujua, akazungumza naye jinsi watakavyoendelea kuuficha ukweli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na msomaji atadhani methali hii inamhusu rafiki yule. Lakini tukitazama vizuri, kilichomla seneta hakikuwa katika nguo ya rafiki. Kilikuwa katika nguo yake mwenyewe kwa miaka mitano, tangu siku ya ile sahihi.

Tarehe 25 Agosti 2009 alijiuzulu useneta, akakiri mahakamani makosa mawili ya kula njama za kuzuia haki isitendeke. Novemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, na faini ya dola 50,000. Mwezi Januari 2010 aliingia gereza la Manchester katika jimbo la Kentucky. Rafiki yule na msaidizi wake mmoja nao walikiri makosa, wakapewa kifungo cha nje. Kwa hiyo walioanguka walikuwa watatu, na kadi za posta zenyewe zilikwisha kutupwa zamani.

Sasa tufungue Maandiko. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimwona bwana wake akikataa zawadi za Naamani, moyo ukamwuma. Akamkimbilia Naamani njiani akamweleza kwamba wamekuja vijana wawili wa manabii wenye haja. Vijana wale hawakuwako. Akapewa fedha na mavazi, akaficha nyumbani. Elisha alipomwuliza alikotoka, Gehazi alijibu kwamba hakwenda popote. Angalieni, ndugu, kwamba Elisha alimwuliza kwanza kabla ya kumhukumu. Swali lile lilikuwa mlango. Hata Adamu bustanini aliulizwa yuko wapi, si kwa kuwa Mungu hakumwona, bali kwa kuwa Mungu alimpa nafasi ya kutoka mafichoni kwa miguu yake mwenyewe. Gehazi alifungiwa nje na jibu lake.

Tena angalieni kwamba uongo haupendi kutembea peke yake. Gehazi alihitaji vijana wawili wa kubuni. Seneta alihitaji rafiki na msaidizi. Nasi tulimhitaji dereva.

Huu ndio mfano wa pili. Mwaka 1989 tulikuwa wakufunzi vijana katika chuo kimoja cha ualimu, na kazi yetu msimu ule ilikuwa kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Shule tatu za mwisho zilikuwa ng'ambo ya mto. Mvua ilinyesha, tukaona uvivu kungojea maji yapungue, tukageuza gari. Usiku ule, kwa taa ya chemli, tulizijaza fomu tatu za tathmini kana kwamba tumekaa nyuma ya madarasa yale tukisikiliza. Tuliwapa wote alama nzuri, tukajiambia kwamba hakuna aliyedhulumiwa.

Wiki iliyofuata Mkuu wa Chuo alituita. Mwanachuo mmoja kati ya wale watatu alikuwa amelazwa hospitalini siku ile tuliyoandika kwamba tumemwona akifundisha hesabu darasa la nne. Mkuu hakupaza sauti. Aliuliza tu: "Mlifika?" Tukajibu kwamba tulifika, labda tumekosea tarehe. Akasema atamwuliza dereva. Tulitoka mbio tukamwahi dereva karakana, mzee mwenye umri wa baba yetu, tukamwambia la kusema. Alituangalia, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaenda. Aliporudi alisema neno moja tu: "Mwalimu, nimesema ulivyosema."

Jumapili ile tulikwenda kanisani kama desturi. Kasisi aliposoma maneno ya kutualika kwenye maungamo ya pamoja, tulipiga magoti, lakini midomo haikufunguka. Tuliwezaje kukiri makosa yote kwa jumla, na lile moja tumelikalia? Hatukusogea mezani pa Bwana siku hiyo. Jumatatu asubuhi tulisimama mlangoni pa Mkuu kabla hajafungua ofisi, tukasema yote.

Tulipewa barua ya onyo, na kupanda kwetu cheo kukacheleweshwa. Dereva naye alipewa barua. Ya kwetu tuliistahili. Ya kwake tuliiandika sisi. Tulimwendea nyumbani kuomba radhi. Alitukaribisha chai, akasema amesamehe, kisha akaongeza kwamba mkewe alikuwa ameisoma barua ile kabla yake. Alistaafu miaka miwili baadaye nayo ikiwa katika jalada lake. Mungu ametusamehe, twaamini hivyo kwa moyo wote. Lakini barua ile hatukuweza kuiondoa.

Vijana wetu wapendwa, ninyi mnaoshika daftari la mapato ya kwaya, kitabu cha stakabadhi za sadaka, au mhuri wa serikali ya kijiji, sikieni. Hatuwaambii kwamba hamtakosa. Mtakosa. Tunawaambia kwamba siku mtakapoulizwa, siku hiyo ndiyo itakayoamua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huzibwa kwa maneno mawili: "Nimekosa mimi." Semeni mapema, wakati bei yake bado ni faini. Na mkubwa asimtume mdogo kumsemea uongo, maana mdogo hawezi kukataa, na Bwana atamdai mkubwa.

Nasi wazee tuna sehemu yetu. Kijana akikiri kosa, tusimfanye afadhali angenyamaza. Jeff Smith alitoka gerezani, akafundisha katika chuo kimoja mjini New York, na mwaka 2015 akatoa kitabu juu ya maisha ya kifungoni, akiwatetea wafungwa wanaoachiwa huru bila elimu wala kazi ya kushika. Kuanguka kwake kulimwonyesha watu ambao useneta haukumwonyesha. Bwana wetu amesema kwamba anayemtembelea mfungwa amemtembelea Yeye. Je, katika mtaa wetu aliyetoka kifungoni hupata nafasi ya kukaa kwenye benchi, au tunasogeza mikoba yetu?

Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu akae mahali pa faragha ajiulize: nina sahihi gani niliyoitia ambayo sikuipatanisha na kweli? Nani nilimtuma aseme nilivyosema? Aondoke amwendee, kwanza yule mtu, kisha aje mezani.

Tuombe. Ee Bwana, unayetuuliza tulipo nawe ukituona, utupe moyo wa kujibu kweli. Uwainue walioanguka, uwaponye waliojeruhiwa na uongo wetu, na uwalinde vijana wetu katika madogo, ili wawe waaminifu katika makubwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.