Ramadhani, Siku ya 14: Tunacheka nini baada ya futari?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi vijana ambao najua mnasoma huku jicho moja liko kwenye saa. Jana niliahidi kwamba leo tutaendelea na adabu za daku. Mtanisamehe, nimeahirisha. Kuna jambo limetokea hapa hapa kwetu, na mimi imamu wenu nimo ndani yake.

Nianzie mbali kidogo. Kule Misri kuna mchekeshaji anaitwa Ramez Galal. Kwa zaidi ya miaka kumi, Ramadhani ikiingia tu, naye anaingia kwenye televisheni, nyakati za jioni watu wakiwa wamekaa na sahani zao. Kazi yake ni kuwatega watu maarufu: waigizaji, waimbaji, wanasoka. Mwaka 2011 aliwakutanisha na simba kwenye lifti. Mwaka 2015 aliwapandisha ndege wakaaminishwa kwamba inaanguka. Mwaka 2016 ikawa hoteli inaungua moto. Mgeni analia, anapiga mayowe, anamwomba Mungu wake, halafu mwenyewe Ramez anajitokeza, na nyumba nzima inacheka. Vipande vyake vinatufikia mpaka huku kwenye simu, na hata asiyejua Kiarabu anacheka, kwa sababu hofu haihitaji mkalimani.

Si yeye aliyeanzisha. Marekani walikuwa na Candid Camera tangu mwaka 1948, watu wakinaswa na kamera iliyofichwa. Mwaka 2000 wakaja vijana wa Jackass, wao wanajiumiza wenyewe, wanajirusha, wanajigonga, ili watu wacheke. Na mwili ni amana, Allah ametukataza kujitupa kwa mikono yetu kwenye maangamizi. Ila siku hizi televisheni haihitajiki tena. Simu moja na vijana watatu wanatosha.

Sasa tuulizane kwa uaminifu: kwa nini tunavipenda vitu hivi? Msiniambie hamvipendi. Mtu ameshinda na swaumu, jua kali, kazi ngumu, watoto wanadai nguo za Idi. Akifuturu anataka kitu kisichomtaka afikiri. Anamwona mwenzake anakaribia kufa, halafu hafi. Kifua kinabana, kisha kinaachia. Hapo ndipo kicheko kinapotoka, na ndani yake kuna neno dogo hatulisemi kwa sauti: afadhali si mimi. Na aliyetishwa akiwa tajiri au mashuhuri, utamu unazidi. Akianguka yeye, tunajiona tumepanda.

Lakini angalieni mchezo huu ukishuka mtaani unamfuata nani. Sijawahi kuona vijana wamemtega mkuu wa wilaya. Wanamfuata mlinzi wa usiku, mama muuza vitumbua, mtu mwenye ugonjwa wa akili. Wanamfuata asiye na wa kumsemea.

Basi wiki iliyopita, baada ya tarawehe, wamemfuata mzee wetu mmoja anayefagia msikiti. Jina silitaji, na haya ninayoandika nimemwomba ruhusa. Vijana watatu waliweka nyoka wa mpira pale anapokaa kutawadha, wakajificha na simu. Mzee alipomgusa aliruka, akateleza, akaanguka kwenye maji, na kilichomtoka kinywani ni "Mama yangu wee!" Video ina sekunde kumi na saba. Kufika asubuhi ilikuwa kwenye makundi yote.

Ilinifikia na mimi, kutoka kwa mtu mzima kama mimi. Nikaitazama. Jamani, nilicheka. Nikaitazama mara ya pili, nikamtumia mdogo wangu na emoji tatu za kucheka mpaka machozi. Nilikuwa nimefunga, na msahafu uko mbele yangu.

Alfajiri mzee hakuonekana. Ya pili, hakuonekana. Siku ya tatu nikaenda kwake. Nilidhani ni goti. Akaniambia, "Shekhe, goti limepoa. Ila nikipita sokoni watoto wananiita Mama Yangu. Jana mjukuu wangu kaniuliza, babu, kwani wewe unaogopa mpira?" Kisha akaniuliza, "Wewe umeiona?" Nikasema nimeiona. Hakuniuliza kama nilicheka. Aliinamisha kichwa tu, akajua.

Ndugu zangu, nimesoma madrasa, nimesomea ualimu, nimesomesha hadithi hii siyo mara moja. Ameipokea Abu Daud: Maswahaba walikuwa safarini na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam. Mmoja akalala, mwenzake akaenda akachukua kamba aliyokuwa nayo, yule akashtuka kwa hofu. Riwaya nyingine inataja kwamba watu walicheka. Mtume akawafundisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Ni kamba tu hiyo! Hakuna simba, hakuna ndege, wala hakuna aliyerekodi. Na bado ilisimamishwa papo hapo. Tena ametuonya vikali juu ya mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Kwa hiyo anayejitetea kwamba wageni wa kwenye televisheni wanajua mapema na wanaigiza tu, ametoka kwenye shimo moja akaingia la pili.

Msije mkasema shekhe amekataza kucheka. Mtume alitania. Palikuwa na mtu wa jangwani anaitwa Zahir, hakuwa na sura ya kuvutia, na Mtume akimpenda. Siku moja Zahir yuko sokoni anauza bidhaa zake, Mtume akaja nyuma yake akamkumbatia bila kuonekana. Zahir anasema niachie, nani huyu? Alipomtambua akazidi kujiegemeza kwenye kifua chake. Mtume akanadi: nani atanunua mtumwa huyu? Zahir akajibu kwamba basi ataonekana bidhaa isiyouzika. Mtume akamwambia kwamba mbele ya Allah yeye si hafifu, yeye ana thamani.

Tazameni vizuri. Amevamiwa kwa nyuma, hadharani, sokoni. Ukiusikia mwanzo wake utadhani ni sawa na vituko vya siku hizi. Lakini hofu haikuwepo, uongo haukuwepo, na mzaha ulipokwisha Zahir alikuwa juu zaidi ya pale ulipoanza. Mtu aliyejiona hafai, ameondoka anajua anafaa mbele ya Mola wake. Mzee wetu ameondoka na jina la kuzomewa.

Hicho ndicho kipimo ninachowaachia leo: mzaha ukiisha, yule mtu yuko wapi? Amepanda au ameshuka? Anacheka na wewe, au wewe ndiye unayecheka na yeye anatafuta pa kujificha? Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah anatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, kwani huenda anayechekwa ni bora kuliko wanaomcheka. Mzee yule anafika msikitini kabla yangu kila siku.

Na tusijidanganye kwamba swaumu itafuta. Mtume ametueleza juu ya muflisi: mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, swaumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka yaishe, kisha atabebeshwa madhambi yao. Haki ya mja inaombwa kwa mja mwenyewe.

Nimemwomba msamaha, amenisamehe. Wale vijana wamekwenda na wazazi wao, nao amewasamehe. Mzazi mmoja alianza na "ni utoto tu", nikamwambia na mimi ni mtoto basi, maana nilicheka. Msamaha tumeupata. Video hatujaweza kuirudisha.

Kwa hiyo kazi ya leo, kabla ya adhana ya Magharibi. Kama unayo, ifute. Kama uliituma, mwambie uliyemtumia aifute. Mtoto ukimsikia anaita jina lile, mkanye kwa upole, umweleze kwa nini. Na leo kwenye Isha, ukimwona mzee, msalimie kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Usimpe pole mbele za watu, wala usiitaje video. Msalimie tu.

Ewe Mola wetu, tusamehe vicheko vyetu vilivyomliza mtu. Zifanye nyumba zetu ziwe na furaha isiyomdhalilisha yeyote. Zitakabali swaumu zetu, na usitujaalie kuwa mufilisi siku ile. Amin.

Kesho inshallah, adabu za daku.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullah.