Taa Nyekundu na Fardhi Kifaya

Swali langu ni la fiqhi, ingawa limezaliwa chini ya mabati ya kiwanda cha nguo ninakofanya kazi ya fundi umeme: habari ikiwafikia watu saba kwa mpigo, wajibu unabaki kwa nani?

Zamani hapakuwa na utata. Kila mtambo wa kufuma una mnara mdogo wa taa: kijani unafanya kazi, njano unataka kuangaliwa, nyekundu umesimama. Kila uzi wa mtande umevalishwa kipande chembamba cha chuma. Uzi ukikatika, kipande kinaanguka, kinakamilisha njia ya umeme, mtambo unajizima kabla haujaharibu kitambaa. Kelele za mle ndani haziruhusu kuitana, kwa hiyo mfumaji aliye karibu huiona taa, akaenda, akaunga uzi. Basi.

Siku hizi juu ya minara hiyo vimefungwa vidude vinavyosoma rangi ya taa na kuirusha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi ukutani, kisha kwenye skrini ya ofisini na kwenye simu zetu sisi saba. Mota kubwa nazo zina vihisi vya mtetemo na joto. Sivibezi. Kihisi cha betri hulala muda mwingi, kikaamka mara kwa mara kusema tu kwamba kipo. Kikipitisha wakati wake bila kusema, mfumo hauhesabu kuwa mambo ni shwari, unakitilia shaka. (Laiti tungekuwa na adabu hiyo kwa jirani aliyenyamaza.)

Lakini usiku mmoja mtambo ulikaa mwekundu muda mrefu, na simu zote zilikuwa zimepokea. Kwenye kundi la WhatsApp vilionekana vidole gumba vinne. Kila aliyeweka kidole aliamini mwenzake ameshakwenda. Hakuna aliyesema uongo, na wawili kati yao ni mafundi ambao ningewaachia funguo za nyumba yangu.

Wanafunzi wa darasa za msikitini watakuwa wameshaitambua sura hii. Swala ya maiti ni fardhi kifaya: wakiiswali baadhi, wengine wameondokewa na wajibu, ikiachwa na wote, wote wamepata dhambi. Na wanazuoni hawakuishia kwenye jeneza. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliingiza humo udaktari, kilimo, hata ufumaji, kwa sababu mji hausimami bila hivyo. Akalalamika kwamba watu wanagombania elimu ya mabishano ya kisheria huku mji ukikosa tabibu Mwislamu. Mwalimu wake, Al-Juwayni, alikwenda mbali zaidi: aliona anayetekeleza fardhi kifaya ana fadhila zaidi kuliko wa fardhi ain, ile inayomlazimu kila mtu binafsi, kwa kuwa ameubebea umma mzima mzigo.

Kwa hiyo kuunga uzi ni ibada yenye hukumu yake. Taa iliyo mbele ya mtu mmoja humgeuzia fardhi hiyo kuwa ain: yeye ndiye aliyejua, yeye ndiye aliyeweza. Redio imechukua ujuzi ule ule ikaugawa kwa saba, na wajibu ukarudi kuwa wa wote.

Wajapani walilishughulikia hili bila kitabu cha fiqhi. Sakichi Toyoda alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika, na mwaka 1929 Platt Brothers wa Uingereza wakanunua haki zake. Katika viwanda vya magari vya Toyota wazo hilo likawa kamba: mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, bango linaonyesha kituo chake, na kiongozi wa timu yake anakwenda pale alipo. Tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari unasimama. Ishara inaonekana na wengi, ila inamwita mtu mmoja anayejulikana.

Kanuni ya usuli wa fiqhi inasema fardhi kifaya inakuondokea ukiwa na dhana yenye nguvu kwamba mwingine anaitekeleza. Hapo ndipo ninapobishana na ustadhi wetu wa msikitini. Kidole gumba kinathibitisha kuona tu. Hakithibitishi kwenda, kwa hiyo dhana ile haina pa kusimama, na kwangu mimi wote saba wamebaki na deni mpaka mmoja aandike jina lake kwamba yuko kwenye mtambo. Ustadhi anauliza: na yule aliyelala nyumbani kwake Mbagala, zamu yake imekwisha, naye? Nasema hawezi kufika, hilo limemwondokea kwa kukosa uwezo. Lakini simu iliyomletea habari ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumpigia msimamizi wa zamu na kumuuliza nani amekwenda. Ustadhi anasema huko ni kumtwisha mtu kazi isiyo na malipo na kuiita dini. Hoja yake ni nzito, na ningeipokea kama habari ile isingekuwa imeshamfikia.