Mshindani wako wa leo ni ndugu yako wa kesho

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, ambaye humpa madaraka amtakaye na huyaondoa kwa amtakaye. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Maswahaba zake. Waama baad.

Ndugu zangu katika imani, kila chama kikubwa kinapofikia wakati wa kumtafuta mgombea wake wa urais, mji mzima hugeuka baraza. Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, ndani ya daladala, maofisini, na hata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, watu hugawanyika: huyu ni mtu wa fulani, yule ni mtu wa fulani. La kushangaza ni kwamba wanaogawanyika hivyo ni wenye kadi za rangi moja, ilani moja na mwenyekiti mmoja. Jana walikaa mkeka mmoja, leo hawatoleani salamu, na huyo wanayegombana kwa ajili yake hata majina yao hayajui.

Je, dini yetu ina la kusema juu ya jambo hili? Naam, inalo, tena kubwa.

Tuanze na huyo anayeomba. Wako Waislamu wanaosema kuomba uongozi ni haramu moja kwa moja, na hoja yao ni ile hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (SAW) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiutake uongozi, kwani mwenye kupewa kwa kuuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na mwenye kupewa bila kuuomba husaidiwa. Lakini tukisoma Surat Yusuf aya ya 55 tunamkuta Nabii Yusuf (AS) akimuomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, naye akataja sababu mbili: kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Wanachuoni wakazikusanya hoja hizi mbili wakasema: lawama ni kwa mwenye kuutaka kwa ajili ya nafsi yake, ama mwenye amana na ujuzi, akaona watu watadhurika asipojitokeza, huyo hana lawama. Basi kila anayechukua fomu ajiulize maswali mawili ya Yusuf. Je, mimi ni mlinzi wa mali ya watu? Je, ninaijua kazi hii? Kama majibu ni hapana, fomu airudishe tupu.

Tuje kwetu. Chama Cha Mapinduzi kimepita katika mtihani huu mara kadhaa hadharani, na ndani yake mna mafunzo kwa chama chochote.

Julai 1995, Dodoma, Mkutano Mkuu ulipelekewa majina matatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459 na Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Duru ya pili ikawa ya wawili, Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Tofauti ni kura 47 tu! Mtu aliyeongoza asubuhi akashindwa jioni, naye alikuwa na umri wa miaka 44. Angeweza kusema mengi, na watu wa kumsikiliza wangekuwapo. Alikubali, akaingia katika serikali ya mshindani wake kama Waziri wa Mambo ya Nje, akaitumikia kwa miaka kumi. Mwaka 2005 chama hichohicho kikampa alichokikosa.

Lakini huo mwaka 2005 una upande wake wa pili, nao unauma. Mei mwaka huo yalibaki majina matatu tena: Kikwete, Dk. Salim Ahmed Salim na Profesa Mark Mwandosya. Kikwete alishinda kwa kura 1,072, Salim akapata 476 na Mwandosya 122. Tofauti hiyo ni kubwa na haikuhitaji matusi. Hata hivyo, kabla ya kura kupigwa, yalienezwa maneno juu ya Salim: asili yake, damu ya Kiarabu, na siasa za Zanzibar za kabla ya Mapinduzi ya 1964. Huyu ni mtu aliyepelekwa kuwa balozi wa nchi yake akiwa kijana wa miaka 22, akaongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, akawa Waziri Mkuu wa Tanzania, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Kwa miaka arobaini nchi ilimtuma aiwakilishe mbele ya ulimwengu wote na haikuuliza babu yake alitoka wapi. Siku alipoomba kuiongoza, ndipo babu akatafutwa!

Na maneno hayo yalitoka wapi? Hayakutoka upinzani. Mshindani wa ndani ndiye anayejua mahali pa kupiga ili paume, kwa sababu amekula nawe.

Surat al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, inakataza dharau ya watu kwa watu, kubandikana majina mabaya, dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Aya inayofuata, ya 13, inaeleza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba ubora mbele ya Allah ni uchamungu. Tazama mpangilio huo, ndugu msomaji: kwanza ulimi, kisha asili. Yote yaliyotendeka katika kampeni ile yalikuwa yamekwisha katazwa katika aya tatu tu zilizofuatana.

Dk. Salim hakuhama chama. Mwaka 2012 Rais Kikwete, yuleyule aliyemshinda, alimteua kuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba, naye akaifanya kazi hiyo. Profesa Mwandosya naye aliingia katika Baraza la Mawaziri. Mshindi alinyoosha mkono, na walioshindwa wakaupokea. Lakini maneno yaliyosemwa juu ya Salim hayajafutika. Jeraha la mkono likipona hubaki kovu, la ulimi hubaki wazi.

Sasa tuangalie mwaka 2015. Wanachama 42 walichukua fomu na 38 wakazirudisha. Kamati Kuu ikapeleka majina matano, na jina la Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi, halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu hiyo wakatoka hadharani kupinga, na ndani ya ukumbi wa Halmashauri Kuu wajumbe wakaimba kumuunga mkono mbele ya mwenyekiti wao. Katika Mkutano Mkuu John Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Kabla mwezi huo wa Julai haujaisha Lowassa alikuwa Chadema. Oktoba alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais, na Magufuli asilimia 58.

Kilichofuata kwenye ndimi za watu ni kioja. Waliomsifu jana wakamtukana leo, na waliomtuhumu kwa miaka wakambeba mabegani. Machi 2019 akarudi CCM, na ndimi zikageuka tena. Februari 2024 akafariki dunia, na pande zote mbili zikamlilia. Sasa nauliza: yale matusi ya 2015 yako wapi? Waliotukanwa wamesahau, waliotukana wamesahau, lakini Raqib na Atid hawasahau.

Tukiweka 1995 na 2015 pamoja tunaona tofauti moja. Mwaka 1995 aliyeshindwa alihesabiwa kura mbele ya macho yake. Mwaka 2015 aliyelalamika hakufikishwa kwenye kura. Simhukumu mtu hapa, na chama kina haki ya kuchuja, kwani si kila mwenye wafuasi anafaa. Lakini anayechuja ana wajibu wa kuwaridhisha watu kwamba amechuja kwa haki. Tunapenda kusema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba asiyeshindanisha kwa uadilifu asidai umoja. Umoja hauletwi na hotuba ya mwisho ya mwenyekiti watu wakishikana mikono juu. Umoja hutengenezwa mapema, mizani inapowekwa sawa na kila mtu akaiona.

Historia yetu ina kigezo cha jambo hili. Mwaka 23 Hijria Sayyidna Umar (RA) alipojeruhiwa na kujua kwamba anaondoka, aliacha majina sita: Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf (RA). Mwanawe Abdullah aliruhusiwa kuhudhuria na kushauri, lakini alizuiwa kuchaguliwa. Kisha Abdurrahman bin Auf akafanya jambo ambalo wachujaji wa leo wangelitafakari: alijitoa mwenyewe kwanza, ndipo akapewa kazi ya kuamua. Siku tatu alizunguka akiwauliza watu wa Madina. Alipomtangaza Uthman, Ali alitoa bai'a yake. Msimamizi hakuwa mgombea, mtoto wa kiongozi hakuwa mgombea, na ushauri haukufanywa gizani.

Na kwa wanaodhani kushindwa ni mwisho, wamtazame Khalid bin al-Walid (RA). Umar aliposhika ukhalifa alimuondoa katika uamiri wa majeshi ya Sham na kumpa Abu Ubayda. Khalid, jemadari asiyeshindwa, aliendelea kupigana chini ya mtu aliyekuwa chini yake jana. Hakuanzisha jeshi lake.

Ndugu zangu, yapo mambo matatu ya kutoka nayo hapa. Kwanza, kwa wajumbe wapigao kura: bahasha unayopewa usiku wa kuamkia mkutano isiitwe takrima wala nauli. Mtume (SAW) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, wote wawili. Pili, kwa atakayeshinda: afanye kama Yusuf (AS), ambaye ndugu zake walimtupa kisimani, na siku alipokuwa na uwezo juu yao hakuwalaumu. Asiyeweza kumsamehe mshindani wa chama chake hataweza kuwaongoza wapinzani wa nchi nzima.

La tatu ni letu sisi tusio na kura huko Dodoma, na ndio wengi. Silaha yetu ni ulimi, na siku hizi ni simu ya mkononi. Ujumbe unaomchafua mtu kwa kabila lake, asili yake au dini yake, usiupeleke mbele. Ukikufikia, uishie kwako. Mgombea atashinda au atashindwa, atapewa wizara au ubalozi, na picha zao wakikumbatiana utaziona gazetini. Wewe utabaki mtaani na jirani uliyemkosea, na kitabu kilichoandikwa.

Tunamuomba Allah (SW) atupe viongozi walinzi na wajuzi, atulindie ndimi zetu, na aziunganishe nyoyo zetu katika haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.