Je, Apandaye Mlimani Awakimbia Jirani?

Katika nchi ya Tigrai, huko Ethiopia, iko monasteri ya Waorthodoksi iitwayo Debre Damo, ambayo mapokeo yasema ilianzishwa na Abuna Aregawi katika karne ya 6. Imesimama juu ya mlima wenye kilele bapa, na pande zake zote ni magenge. Mgeni hana njia ila kamba: hufungwa mshipi wa ngozi kiunoni, naye mtawa aliye juu humvuta kiasi cha mita 15. Wanawake hawaruhusiwi kupanda.

Wasomaji wapenzi, yafaa tuulize: Je, watu hao wamemtafuta Mungu, au wamewakimbia binadamu wenzao? Baba wa jamaa kule Mbeya, mwenye watoto sita na shamba la mahindi, hana kamba ya kumwinua juu ya taabu zake.

Hata hivyo tusihukumu upesi. Mtakatifu Benedikto naye alipanda mlima wa Monte Cassino yapata mwaka 529, lakini katika Kanuni yake aliagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Wana wake ndio walioanzisha misioni ya Tosamaganga, kilimani karibu na mji wa Iringa, miaka michache tu baada ya Wadachi kuiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894. Mhehe aliyemwona mzungu akijenga kilimani siku zile alikuwa na sababu ya kuogopa. Jambo hilo tusilifunike. Tangu mwaka 1919 Wamisionari wa Consolata kutoka Italia waliipokea kazi hiyo. Leo kilima kile kina kanisa, kina na hospitali. Mwanamke asiyeweza kuikaribia kamba ya Debre Damo, hapa hupanda ili ajifungue.

Ndipo wengine husema: Basi hospitali yatosha, sala ya nini? Sisi hatukubali. Auguzaye usiku kucha bila kuwa na mahali pa kimya huchoka moyo kabla ya mwili, na wa kwanza kulitambua ni mgonjwa. Tena, hata Debre Damo hakuna mgeni apandaye kwa nguvu zake peke yake. Yuko mtu juu aliyeishika kamba, na mikono yake yaujua uzito wa mwenzake. Huyo hatuwezi kumwita mkimbizi.

Jamaa zitakazokwenda Tosamaganga kuhiji, zikiisha kusali, na zichukue sabuni na khanga kwa ajili ya mama asiye na wa kumletea. Lakini waulize kwanza saa za kuwatazama wagonjwa, wala wasiingie kwaya nzima wodini.